"Mwambie shemeji aje": uzoefu wangu na gereji ya kisasa, gari kumisi na maji yanayopotea

Nawapa nyota moja, na hiyo yenyewe ni ya kijana anayeosha magari pale getini, maana ndiye pekee aliyeniuliza gari lina nini kisha akasubiri jibu. Jina la gereji silitaji. Ni moja ya hizi zilizoota siku hizi Dar: sakafu ya vigae, kiyoyozi, kahawa ya bure, mafundi wenye ovaroli za rangi moja, na skrini kubwa ukutani ili mteja aone gari lake linavyopimwa kwa kompyuta. Mimi nilifuata hiyo kompyuta. Nilishachoka na mafundi wa kusikiliza injini kwa sikio halafu wanakutuma mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, kununua kitu wasichokijua.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la petroli, namba C, yaani usajili wa zamani kidogo. Wenye namba C wenzangu wanajua tunavyopokelewa. Sifa zake nyingine ingia popote utazisoma, mimi nieleze ugonjwa. Asubuhi nikiliwasha linatetemeka, linamisi (silinda inaruka bila kuwaka), eksozi inatoa moshi mweupe, taa ya injini inawaka na siku nyingine inakonyeza. Baada ya muda mfupi linatulia, na kutwa nzima linakwenda bila neno. Hilo la kwanza. La pili nililieleza kwa pumzi hiyo hiyo: kulanti, yaani maji ya kupoza injini, inapotea. Najaza kopo la rizevu mpaka alama ya juu, baada ya siku kadhaa imeshuka, na chini ya gari pakavu. Nimetandika maboksi usiku, asubuhi nayakuta makavu vilevile. Mimi natengeneza keki na kuzipeleka kwa wateja. Injini ikitetemeka, keki ya ngazi tatu iliyoko nyuma nayo inatetemeka, kwa hiyo sikuwa pale kutalii.

Yule kijana wa mapokezi aliandika la kwanza. La pili hakuliandika. Nikamwambia, "Na maji, kaka, usisahau maji." Akatabasamu. "Dada, hiyo namba C. Gari za zamani zinakunywa maji kidogo, halafu na joto hili la Dar, yanakauka."

Yanakauka!

Jamani. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Mfuniko wa rejeta una springi, na juu yake imeandikwa namba, 0.9 au 1.1 kwa magari mengi ya Kijapani. Hiyo namba ni shinikizo ambalo mfuniko unalishikilia kabla ya kuachia maji yaende kwenye kopo, na injini ikipoa maji yanarudi rejeta. Ni shinikizo hilo linalozuia maji yasichemke hata yakivuka nyuzi 100. Maji yakipungua kila mara, yana pa kwenda: ama yanavuja nje, ama yanaingia kwenye oili, ama yanaingia ndani ya silinda, yanageuka mvuke na kutokea kwenye eksozi. Joto la Dar halimo humo.

Nikaanza kumweleza, kwa adabu kabisa. Hakunisikiliza hata nusu. Akaweka tableti yake mezani, akainamisha kichwa upande kama mtu anayembembeleza mtoto, akasema mbele ya watu wote waliokaa wakinywa ile kahawa ya bure: "Dada, tufanye hivi. Mwambie shemeji aje, au atupigie tu, tutaelewana naye."

Mpaka leo nikikumbuka napandwa na jazba. Shemeji! Shemeji mwenyewe anafundisha Kiswahili sekondari na akitaka kufungua boneti anafungua mfuniko wa tangi la mafuta. Ni mume mwema, simsemi vibaya, lakini angekuja pale angewaitikia kila kitu, na nadhani ndicho walichokuwa wanakitaka. Gari ni langu, kadi ina jina langu, hela inatoka kwenye unga na siagi yangu. Mzee mmoja pembeni akacheka. Yeye naye sijamsamehe.

Basi, wakapima. Kwenye skrini ikatokea P0302. Kwa wasiojua: P0300 maana yake injini inamisi bila kuchagua silinda, na ukiona 1, 2, 3 au 4 mwishoni, kompyuta inakutajia silinda yenyewe. Yangu ilitaja namba mbili. Wazi kabisa, wala si fumbo. Wakaniambia koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, zimekufa. Nikauliza, koili zipi? Zote nne, kwa sababu "huwa zinaenda pamoja". Na plagi nne juu yake.

Hapa ndipo kompyuta ya mamilioni inapokuwa pambo la ukutani. Ukishajua silinda namba mbili inamisi, unachomoa koili yake unaihamishia silinda nyingine, tuseme ya nne, ya nne unaileta kwenye mbili. Unafuta kosa, unawasha, unapima tena. Likisomeka P0304, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0302, koili haina hatia, geukia plagi, nozeli inayopuliza petroli, au mgandamizo wa silinda yenyewe. Hainunuliwi hata nati moja. Lakini kipimo hicho kinataka gari lililopoa, maana langu likishapata moto halimisi, na hakuna aliyetaka kulilaza pale gari mpaka asubuhi.

Nikalipa. Kupima 50,000, koili 240,000, plagi 60,000. Nikaomba koili zangu za zamani, kwa kuwa kwa akili yangu zilikuwa nzima. Zimeshaenda stoo, nikaambiwa.

Kesho yake asubuhi nikaliwasha. Tetemeko lile lile, moshi ule ule.

Nikarudi, na neno la kwanza la yule kijana likawa: "Shemeji hakuja?" Wallahi, hivyo hivyo. Wakapima tena, P0302 tena, na safari hii nozeli ndizo zikawa na kosa. Nikataka gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, iangaliwe. Fundi akachomoa kijiti cha oili, akanionyesha. Oili safi, haina rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo gasketi nzima, kesi imefungwa. Kumbe inategemea imeungua wapi! Ikiungua kati ya njia ya maji na silinda, maji yanaingia silinda moja kwa moja, oili hayaigusi kabisa. Unaweza kuwa na gasketi mbovu na oili inayong'aa.

Na hili ndilo lililonimaliza. Kwenye kabati lao la kioo, karibu na mashine ya kahawa, nilikiona kile kifaa chenye kichupa cha maji ya bluu. Ukikisimamisha kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, hewa inayotoka humo inapitishwa kwenye yale maji. Kama gesi ya silinda inapenya kwenye kulanti, bluu inageuka njano. Dakika chache tu. Kilikuwa ndani ya boksi, nailoni yake haijachanwa.

Niwe mkweli lakini. Mashine yenyewe haikunidanganya, ilisema namba mbili mwanzo na ikasema namba mbili tena. Na waliwahi kunitengenezea AC, baridi yake ipo hadi leo hii. Vijana wa ndani pia wana heshima, ukiwaondoa wa mapokezi. Nikifikiria hivyo nasema basi, ziwe nyota mbili. Halafu nakumbuka "shemeji hakuja?" Hapana. Moja inatosha, tena ni nyingi.

Aliyelipata tatizo ni mzee mmoja Tabata, kibanda cha mabati, hana kahawa wala skrini. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Linamisi kutwa, au ukiwasha asubuhi tu?" Asubuhi tu. "Maji yanapungua?" Nilitamani kumkumbatia. Hayo mawili ameyaunganisha kabla hajafungua boneti! Siku zote walikuwa wanayafanya magonjwa mawili, moja la kutibu na moja la kucheka.

Akachomoa plagi akazipanga juu ya gazeti. Tatu zimeanza kuwa na rangi ya kahawia, ya namba mbili nyeupe, safi, kama imeoshwa, na ndivyo ilivyo, mvuke ulikuwa unaiosha. Jioni akafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye rejeta, akaijaza upepo mpaka namba ya mfuniko, akaliacha lilale. Asubuhi mshale umeshuka. Akachomoa plagi zote, akaniambia nisogee, akazungusha starta: tundu la pili likarusha maji ya kijani juu. Kwa hiyo usiku kucha, shinikizo lililobaki lilikuwa linasukuma kulanti kidogo kidogo ndani ya silinda ile. Asubuhi plagi imelowa, inashindwa kuwasha, gari linamisi mpaka maji yaishe kutoka kama mvuke. Ndiyo maana lilikuwa linatulia lenyewe.

Hedi iliposhushwa, akaweka rula ya chuma juu yake na kupitisha filagenji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ile ya milimita 0.05 haitakiwi kupita. Pale namba mbili ilipita ya 0.15 ikicheza. Hedi ya aluminiamu iliyowahi kuchemka hupinda, na ukiweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda utarudi kule kule. Ikapelekwa kusagwa, zikanunuliwa gasketi na bolti mpya, maana bolti za hedi kwenye injini nyingi za sasa huvutika zikikazwa. Na mfuniko wa rejeta nao ukatupwa, mpira wake ulikuwa umeanza kuchoka.

Msidhani nampamba huyu mzee. "Kesho" yake ilikuwa na kesho nyingine ndani yake, wateja wangu wa harusi wanajua. Na wakati wa kufunga akataka kuitupa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto: "Dar hakuna baridi, ya nini hii?" Tukagombana kwelikweli. Bila themostati injini inachelewa kupata moto wake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inazidi kumwaga mafuta. Akasema ametoa themostati tangu sijazaliwa. Nikamwambia ndiyo maana magari mengi yanakunywa mafuta tangu sijazaliwa. Akanuna, akairudisha. Hata hivyo hakuniambia nimlete shemeji, alibishana na mimi mwenyewe, na kwa hilo nitarudi kwake.

Wewe ambaye lako linamisi asubuhi na maji yanapungua bila tone chini, usikubali kuuziwa koili kwanza. Dai hosi za rejeta zishikwe asubuhi kabla ya kuwasha, zikiwa ngumu wakati injini ni ya baridi, shuku gasketi. Na taa ikikonyeza usiendelee na safari, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya eksozi (kile kifaa cha kusafisha moshi), na bei ya masega muulize aliyewahi kuyanunua.

Koili zangu nne bado nazidai. Nimepiga simu tena juzi, nimeambiwa mwenye funguo za stoo amesafiri.