Uzoefu wangu na haibridi ya kuchomeka: dashibodi inasema chaji ipo, gari haivuti

Nimekaa na hii gari miaka mitatu na ushee sasa. Niliinunua ikiwa imeshatumika, haibridi ya kuchomeka, yaani ina injini ya petroli, ina mota ya umeme, na ina betri kubwa ya kama kilowati-saa 12 ambayo naichaji usiku kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Jina la kampuni naliacha, sitaki kuanzisha ugomvi wa mashabiki. Nitasema tu kwamba gari imenigomea mara mbili, kwa namna mbili tofauti kabisa, na mara zote mbili kuna kioo mahali, cha dashibodi au cha simu, kilikuwa kinaniambia chaji ipo ya kutosha.

Ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Nilisafiri siku tisa, gari nikaiacha imejaa asilimia 100, nikachomoa waya nikaondoka. Nimerudi na mabegi yangu, nabonyeza rimoti, kimya. Nabonyeza tena, kimya, hata taa haikonyezi. Nafungua app kwenye simu inaandika 100%, nikajua basi ni rimoti imeisha betri. Kumbe ile 100% ni taarifa ya mwisho gari iliyotuma kabla haijazimika, app imeihifadhi tu inanionyesha kama picha ya marehemu sebuleni.

Ndani ya rimoti kuna kaufunguo ka chuma, nikakachomoa nikafungua mlango wa dereva kwa mkono. Ndani giza tupu. Sasa, haya magari mbali na ile betri kubwa yana betri nyingine ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, na hiyo ndo inaamsha kompyuta, inafungua milango, na inavuta zile relei nzito zinazounganisha betri kubwa na gari. Ndogo ikifa, kubwa hata iwe imejaa pomoni inabaki imefungiwa kwenye boksi lake, hamna wa kuifungulia. Na kwenye gari yangu hiyo betri ndogo iko wapi? Kwenye buti. Na buti inafunguliwa na nini? Na umeme wa betri hiyohiyo. Nikalaza viti vya nyuma nikatambaa hadi kule, simu nimeiuma kwa meno ndo tochi, nikabandua kifuniko nikaweka mita: volti 9.6. Betri nzima ikiwa imetulia inasoma 12.6 hivi, ikishuka mpaka 12.0 hiyo tayari inakaribia kuwa tupu, sasa 9.6 hata sikuhitaji fundi anifafanulie.

Aliyenitoa ni mzee mmoja jirani mwenye kifaa cha kubusti, kadude kadogo hakazidi ukubwa wa kitabu. 

"Shikamoo mzee." 

"Marahaba kijana. Hii si ndo ile ulisema ya umeme?" 

"Ndiyo mzee." 

"Sasa umeme umeenda wapi?" 

Nikakosa jibu. Tukabana kwenye zile terminali za chini ya boneti zilizowekwa kwa kazi hiyo, gari ikaamka palepale, maana hamna stata ya kuzungusha injini hapo, inahitaji moto kidogo tu wa kuamsha kompyuta. Ikaingia redi, yaani tayari kuendeshwa, mita ikaruka hadi 14.3. Alteneta hamna kwenye hii gari, betri kubwa ndo inaichaji ndogo kupitia konveta, kifaa cha kushusha volti, ila mpaka gari iwe redi au iwe imechomekwa. Ndo maana siku tisa zote kubwa imekaa na utajiri wake na mdogo wake anakufa njaa pembeni.

Chanzo? Mimi. Nilifunga kamera inayorekodi hata gari ikiwa imepaki, hiyo moja. Af huko safarini kila jioni nilikuwa nafungua app kuangalia kama gari iko salama, kila nikifungua naiamsha kompyuta ijibu, yaani naiua kwa upendo. Na betri yenyewe ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani. Nikanunua mpya, aina ileile ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa ndani haimwagiki, yenye kibomba cha kutolea gesi nje kwa sababu iko ndani ya gari na abiria, kuna fundi alitaka kuniwekea ya kawaida ya maji kwa vile "volti ni zilezile bosi", nikakataa. Kamera nayo nikaichomoa. Toka hapo tatizo hilo halijarudi.

Ya pili ndo iliyonikosesha usingizi.

Kuna mlima napita kila wiki, sio mkali sana ila mrefu. Siku hiyo dashibodi inasoma asilimia 34, nimetoka nyuma ya lori nimpite, nimekanyaga mafuta hadi chini, gari ikavuta kama kawaida sekunde tano sita hivi halafu ghafla ikawa kama mtu ameikamata kwa nyuma. Haikuzima, haikutikisika, imekuwa nzito tu. Injini inapiga kelele, spidi inashuka, kale kataa ka picha ya kobe, ka kuonya kwamba gari imepunguza nguvu, kamewaka, na ile asilimia 34 naiona kwa macho yangu inaruka hadi 5. Niko upande wa pili wa barabara sambamba na tairi za lori. Nikaachia mafuta nikarudi nyuma yake, na dereva wa lori sidhani hata alijua nilikuwepo.

Nimefika juu, nimesimama, nimezima nimewasha. Kobe ameondoka na asilimia imerudi 27. Kama hakuna kilichotokea.

Gereji ya kwanza wakachomeka mashine, wakafuta kodi, yaani zile namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inahifadhi, wakasema ni sensa. Wiki mbili baadaye mlima uleule, kobe yuleyule. Nimerudi, wakafuta tena, wakasema labda mafuta machafu. Hapa niseme ukweli nilivyoona: kufuta kodi sio matengenezo, na kila wanapofuta wanaondoka na ushahidi wako. Fundi mwingine wa mtaani alikuwa tayari kufungua betri kubwa na spana yake kifua wazi, nikamwomba radhi nikaondoka. Ile ni zaidi ya volti 300 za DC, nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa kwa sababu. Wanaojua kazi wanachomoa kwanza ile plagi ya usalama, wanasubiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, na wanavaa glavu zinazohimili volti 1000.

Basi nikanunua kile kidude cha Bluetooth unachomeka chini ya usukani, na programu ya simu inayosoma seli moja moja, yaani vile vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa. Betri yangu ina seli 96 zimefungwa kwa mfululizo. Gari imepaki zote zinasoma volti 3.64, 3.65, zimejipanga kama wanafunzi mstarini, tofauti haifiki hata 0.02. Ukiishia hapo unasema betri nzima, na ndo walipoishia mafundi, wote walipima gari ikiwa imesimama!

Nikamchukua mke wangu tukaenda mlimani. Mimi naendesha yeye anasoma. Nikakanyaga, akaanza: "Tatu nukta tano, tatu nukta tano, zote tatu nukta tano... subiri. Baba, kuna moja ina tatu nukta sifuri. Inashuka. Mbili nukta tisa." Na kobe akawaka. Namba 41. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Nikaelewa kila kitu siku hiyo. Seli zikiwa kwenye mfululizo mkondo uleule unapita kwa zote, hakuna ya kukwepa, na ile iliyochoka ukinzani wake wa ndani (inavyozuia umeme kupita) umepanda kwa hiyo ukiidai umeme mwingi volti zake zinadidimia wakati wenzake wako vizuri. Kompyuta ya betri inailinda ile dhaifu isiharibike kabisa, basi inapunguza nguvu ya betri nzima kwa ajili ya seli moja. Ukiacha kukanyaga inapumua, volti zinapanda, asilimia inarudi. Ndo maana ikifika gereji haiumwi. Na kwa nini injini ya petroli isibebe mzigo? Kwa sababu kwenye gari kama yangu injini ni ndogo, imepangwa ikijua mota itasaidia mlimani, na bado inabeba uzito wa hiyo betri juu.

Kitu kingine nilichogundua, na hiki kilinitia aibu kidogo: betri yangu inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inavutwa kupitia kidirisha kilicho pembeni ya kiti cha nyuma. Watoto walikuwa wanatupia blanketi hapo. Nimefungua kichujio nimekuta vumbi limeshikana na makombo ya biskuti na nywele limekuwa kama zulia. Sisemi hilo ndo lililoua seli 41, lakini joto ni moja ya vitu vinavyoizeesha betri ya lithiamu haraka sana na mimi nilikuwa nimeizibia pua. Magari mengine yanapoza kwa maji, hao hili haliwahusu.

Upande wa waranti. Betri kubwa za haya magari wengi wanatoa miaka 8 au kilomita 160,000, kinachotangulia, na yangu ilikuwa bado ndani. Wakala akaanza kunizungusha na ile asilimia 70, kiwango ambacho uwezo wa betri lazima ushuke chini yake ndo waranti ikubali, kwamba uwezo wa betri kwa ujumla bado uko juu ya hapo kwa hiyo ni uchakavu wa kawaida. Nikampa simu aangalie rekodi. Uchakavu wa kawaida unazipata seli zote kwa pamoja, hii ni moja imeanguka na 95 zimesimama, hiyo ni hitilafu. Walikaa kimya siku nne halafu wakasema leta gari. Wakabadilisha moduli moja yenye seli 8, ilichukua wiki tatu kwa sababu moduli mpya lazima isawazishwe volti na wenzake kabla haijafungwa, na kipuri chenyewe kilisubiriwa. Sikulipa. Kama ningelipa betri nzima, ile bei niliyoiona kwenye karatasi ni karibu nusu ya niliyonunulia gari, bora ningeiuza.

Ila kuna vitu niliviogopa bure, nisiwatishe watu. Asubuhi ya baridi nguvu inapungua na breki za kurudisha chaji zinalegea, hiyo ni kemia tu, ikipata joto inarudi. Injini kujiwasha yenyewe ukiwa na chaji, sometimes ni hita imeomba, sometimes gari inaichoma petroli iliyokaa sana kwenye tangi. Sio ugonjwa.

Saa hizi sichaji ikajaa kisha nikaiacha juani siku nyingi, nikisafiri naiacha nusu. Na kabla ya mlima nabonyeza ile batani ya kutunza chaji nifike pale na akiba, naona inasaidia sana.

Nyota? Tatu kati ya tano. Safari fupi za kila siku sinunui mafuta karibu kabisa, wiki nzima inapita, na ukimya wake asubuhi kwa kweli nimeuzoea vibaya. Mbili nimezikata moja kwa ajili ya mlima na moja kwa ajili ya zile gereji mbili. Kama unanunua iliyotumika usikubali muuzaji akuonyeshe asilimia, chomeka kidude, mwombe muende nayo kilimani, akikataa mwachie gari yake.

Jumapili tumepita tena palepale, mama watoto kashika simu. 41 mpya iko 3.53 na haitikisiki. Ila 58, ambayo ni ya zamani, ilikuwa 0.04 chini ya wenzake, na mwezi uliopita ilikuwa 0.02. Nimeiandika kwenye daftari. Waranti imebaki miezi 19.