Yuka kwa waliojenga Dodoma: mmea nyota tano, muuzaji nyota tatu

Hii naiandika kwa ajili ya wale waliojenga au wanaojenga huku Dodoma, Singida, Manyoni na sehemu zote ambazo mvua ikishakata mwezi wa nne ndio basi tena mpaka mwisho wa mwaka, na mmeshachoka kununua maua ya elfu kumi kumi yanayokauka hata hamjayafaidi. Nunueni yuka, ule mmea wa mapambo wenye majani marefu magumu yaliyosimama. Kuna mimea mizuri kuliko huu sikatai, ila kwa hela yake, kwa jua la huku na kwa maji haya ya mgao, mimi sijaona wa kuusogelea.

Yangu nimeitoa kwa wauza maua wa kando ya barabara, jina sitaji. Ilikuwa kwenye kiriba kikubwa cheusi, imeshafika kiunoni, jamaa alianzia elfu arobaini tukapatana ishirini na tano. Zile ndogo za kwenye kiriba cha kawaida zilikuwa elfu tano mpaka saba hivi, na kama huna haraka ya kupendezesha geti chukua hizo hizo ndogo, zikishashika udongo zinakimbia. Kijana anayeuza ni mchangamfu na miche yake ina afya kabisa. Nilikagua pale katikati majani yanapotokea maana ndiko vidung'ata wanapenda kujificha, ukiona vitu vyeupe vyenye utando vimeganda kwenye maungio ya majani achana na mche huo, hakuwa nao hata mmoja. Kufunga akafunga vizuri, bajaji akaniitia mwenyewe.

Sasa nyota mbili nimezikata kwa nini. Ya kwanza, alikuwa na aina mbili tofauti kabisa za yuka kazipanga mstari mmoja, bei moja, na hamwambii mteja kwamba ni tofauti. Hili sio jambo dogo jamani. Moja ni ile isiyo na miiba, wataalamu wanaiita Yucca gigantea, zamani ilikuwa Yucca elephantipes kwa sababu shina lake likizeeka linavimba pale chini mpaka linafanana na mguu wa tembo. Nyingine ni Yucca aloifolia, na hiyo kila jani limeishia na ncha ngumu kama sindano ya kushonea magunia, na mche ukiwa wa kiasi cha mita moja zile ncha ziko usawa wa macho ya mtoto wa miaka mitano sita. Mama mmoja alikuwa pale na mtoto mkononi anachagua chagua, ikabidi nimwambie mimi, "dada hiyo usichukue, chukua ya upande huu." Kuzitofautisha ni rahisi sana, shika ncha ya jani ubonyeze na kiganja taratibu. Ikikunja bila kuchoma ndiyo gigantea, ikikuchoma irudishe. Halafu pitisha kidole ukingoni mwa jani la gigantea utasikia linakwaruza kidogo, hilo lisikutishe, halikati mtu akipita, labda ulivute kwa nguvu.

Na wengine wanachanganya yuka changa na masale, yale majani ya Wachagga ya kuombea msamaha na kuwekea mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Ni ndugu wa mbali kweli, wako familia moja kubwa, ila masale yamezoea milimani kwenye unyevu na kivuli, ukiyaleta ukayaweka kwenye jua la saa nane la Nkuhungu hapa Dodoma utayaonea bure. Jani la yuka ni gumu, limesimama, shika tu utajua.

Ya pili, na hii ndiyo iliyoniuma zaidi, kila mteja anaambiwa "mwagilia asubuhi na jioni." Hapana! Hapo ndipo yuka za watu zinapofia halafu wanasema Dodoma haioti kitu. Jirani yangu alifuata hayo maneno, na kiwanja chake ni ule udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji, basi majani yakaanza kuwa njano, na yeye akaona njano akadhani kiu akaongeza maji. Nilipoenda kuangalia nikabonyeza shina pale chini kwenye udongo, kidole kikazama, ganda likabanduka na ndani kumekuwa kahawia, pananuka uozo. Mizizi ilikuwa imeshakwisha. Bahati nzuri kule juu shina lilikuwa bado gumu, tukakata hiyo sehemu nzima tukaiotesha upya na leo ipo imesimama.

Kwa hiyo kupanda fanyeni hivi. Kama udongo wako ni ule mwekundu wa kichanga wa sehemu nyingi za huku, chimba tu shimo mara mbili ya upana wa kiriba, kina kile kile cha kiriba, rudishia udongo wako na samadi iliyooza kiasi kidogo sana, basi. Kama ni mbuga, usichimbe shimo ukajaza mchanga ukadhani umemaliza, maana lile shimo linakuwa beseni, maji yote ya mvua yanakuja kukaa humo. Inua tuta, changanya udongo na mchanga mwingi wa mtoni na kokoto ndogo, panda juu yake. Jua lipate kutwa nzima. Usifukie shina kuliko lilivyokuwa kwenye kiriba. Muda mzuri ni mvua zikianza, mwezi wa kumi na mbili hivi, inashika mizizi kwa maji ya Mungu. Ikiingia kiangazi cha kwanza mpe ndoo moja kwa wiki, udongo ukauke kabisa katikati hapo, na kuanzia kiangazi cha pili mimi ya kwangu siihesabii tena maji. Ikipata yale ya kuoshea mboga sawa, isipopata pia sawa. Dodoma mvua ya mwaka mzima inacheza kwenye milimita 550 mpaka 600 hivi na yote inamwagika ndani ya miezi michache, halafu kuanzia mwezi wa sita ni upepo na vumbi, na yuka inapita hapo kote majani yakiwa kijani, hata hayajikunji.

Ukitaka kuelewa kwa nini, angalia mkonge. Yuka na mkonge ni ndugu wa karibu na wote asili yao ni upande wa Mexico na Amerika ya Kati. Mkonge ulivyoletwa Tanganyika na yule Mjerumani Hindorf mwaka 1893 miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yote yale ya Tanga na Morogoro, ndio ujue ukoo huu ulivyo mgumu. Tofauti moja tunayoipenda sisi wa bustani, mkonge ukishatoa mlingoti wake wa maua unakufa. Yuka haifi, inachanua, ua linakauka, chini yake inatoa matawi mengine inaendelea na maisha. Wengi wakiona lile shada wanaanza kusikitika, msisikitike.

Na maua yenyewe jamani ni mazuri mno. Linatoka shada moja refu katikati ya majani, limejaa vikengele vyeupe vimeinama, ukisogea jioni unasikia harufu yake. El Salvador hilo ndilo ua lao la taifa na wanalipika kabisa na mayai, wanatoa yale ya katikati kwanza kwa sababu ni machungu. Huku kwetu halizai mbegu, sababu ni kwamba yuka kule kwao zina nondo wao maalumu, kadudu keupe ka usiku, kanakusanya chavua kwa mdomo kanaipeleka ua lingine, kanataga mayai humo kisha kanaipachika ile chavua mahali pake, watoto wake wanakula mbegu kiasi na nyingine zinabaki. Nondo huyo huku hayupo. Maana yake ni kwamba karibu kila yuka unayoiona imetokana na kipande cha nyingine, na kipande kinafanana na mama yake kwa kila kitu, kwa hiyo muulize muuzaji mama yake yuko wapi ukamwone. Akikuonyesha umeshajua wa kwako utakuwaje.

Tena hapo ndipo pesa inapookolewa. Ukishakuwa na moja huna haja ya kununua nyingine. Kata shina kwa msumeno, kipande cha mkono mzima au hata nusu yake, tia alama upande wa chini maana ukipanda kichwa chini hakioti, kiweke kivulini wiki nzima kidonda kikauke, ndipo uchomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo tu. Watu wanaruka hatua ya kukausha ndio maana vinaoza. Na kile kisiki ulichokikata usikiogope, kitachipua vichwa viwili vitatu na mti unakuwa mnene zaidi kuliko mwanzo.

Mabaya yake nayo niyaseme. Gigantea ni mti, sio ua la sebuleni, ikiachwa inaweza kupita mita nane, na mizizi yake ina nguvu, ikae mbali na ukuta, mbali na shimo la choo na mbali na zile pevingi ulizolipia fundi. Mimi nimeipa mita nne kutoka kwenye fensi. Kivuli cha kukaa chini upate upepo haina, hapo panda mwarobaini. Majani makavu yananing'inia chini ya kichwa, usipoyavuta yanakuwa hoteli ya panya. Na wenye mbwa na paka waangalie wasiitafune, ina saponini, kemikali yenye povu kama sabuni, inawaletea kutapika.

Ukilinganisha na ukoka ambao kiangazi ni mpira wa maji kila jioni na bili juu, au ashoki inayokaa mwaka mzima inadai maji, yuka imeshinda mbali. Bugenvilia peke yake ndiyo naiweka nayo benchi moja, na nimezipanda pamoja, nyekundu nyuma yuka mbele, geti limependeza mpaka wapita njia wanauliza.

Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani mnaokaa kwenye theluji, hii gigantea kwenu ni ya kwenye poti ndani ya nyumba, baridi ya kugandisha inaiunguza. Nyie tafuteni Yucca filamentosa, haina shina refu, ina nyuzi nyuzi nyeupe zimejikunja ukingoni mwa jani, na inavumilia baridi mpaka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kanuni ya maji ni ile ile, udongo usituamishe.

Kwa muuzaji nitarudi, miche yake ni mizuri na bei haiumizi. Ila azitenganishe zile aina mbili, ya miiba aiweke nyuma na mtu ajue anaiweka kwenye fensi ya kuzuia wezi, na ule wimbo wa asubuhi na jioni auache. Mkienda nendeni siku ya kazi mchana, wikiendi bei inapanda, na ombeni vipande vilivyokatwa, hivyo vya elfu mbili mbili anavyo nyuma ya banda ila havitoi mbele mpaka umuulize.