Fensi ya kiwanja Arusha na Moshi: ipi uanze nayo na hesabu yake inapigwaje

Ukishamaliza kulipia kiwanja kinachofuata kichwani ni fensi, na fundi wa kwanza utakaemuuliza atakutajia bei kwa mita hapohapo kwenye simu, hajaona mteremko, hajauliza udongo ukoje, hajui hata maji ya mvua yanatokea upande gani. Hiyo bei usiishike. Nasema hivi kwa sababu mama yangu aliishika, kiwanja chake kipo Moshono hapa Arusha, ukuta ukapanda haraka na ukapendeza kweli, ila masika ya kwanza tu usiku tukasikia kishindo, kulivyokucha tukakuta mita 14 zimelala juu ya migomba ya jirani. Nilishika nondo ya nguzo moja nikaivuta ikatoka yote mkononi, safi, haina hata punje ya zege iliyoganda, na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja, zilikuwa tatu nguzo nzima. Kumbe nguzo zenyewe zilipishana mita 6, msingi haufiki hata goti, na ule upande wa juu wa mteremko hakuna tundu hata moja la kupitisha maji. Mama akalipa na migomba ya watu.

Kwa hiyo anza na tepu. Pima kutoka bikoni hadi bikoni (yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na mpimaji), sio kutoka kwenye kigingi alichokuonyesha dalali, na mwite jirani aone, maana ukuta ukiingia kwake hata nusu mita utakuja kuubomoa kwa hela yako. Kama unapakana na barabara kuu au ya mkoa kumbuka hifadhi ya barabara tangu sheria ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, wengi wanadhani bado ni zile 22 na nusu za zamani halafu wanashangaa alama ya X ya kubomolewa. Pita pia halmashauri uulizie kibali, Arusha jiji na Moshi manispaa huwa wanafuatilia hadi kuta.

Sasa tuchukue kiwanja cha 20 kwa 30. Mzunguko ni mita 100, toa geti la mita 4 unabaki na 96. Tofali la block inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, ukiweka na udongo wa kujengea (ule wa mchanga na simenti) kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, ya mita 96 inakula tofali kama 204. Ukuta wa karibu mita 2 ni kozi 8, hapo ni 1,632, ongeza za kuvunjika tano kwa mia unafika kama 1,715. Tuseme tofali mtaani kwako ni 1,500 kufika saiti (weka bei ya kwako, inabadilika kila wiki), hiyo ni 2,572,500 na bado hujagusa msingi, nguzo, linta (mkanda wa zege na nondo juu ya ukuta), lipu wala fundi. Watu wengi wanahesabu tofali tu wanaona hela inatosha, wanaanza, wanaishia kozi ya tatu.

Mi kwa mtu wa kipato cha kawaida naweka namba moja fensi ya nusu kwa nusu: msingi kamili wa mawe, nguzo kamili za zege, kozi 4 za tofali, halafu juu fensi waya. Tofali zinashuka hadi kama 860, yaani 1,290,000 kwa bei ileile ya mfano, mbwa na mbuzi hawapiti, na siku ukipata hela unatoa waya unamalizia kozi nne zilizobaki bila kugusa chini. Ila hii inakubali tu kama chini umefanya kwelikweli. Mtaro upana sentimita 45 kina 60 kwa mita 96 ni mita za ujazo 26 za mawe na udongo wake, na huku mawe yapo mengi, sehemu nyingine unachimba msingi unatoa mawe ya kujengea humohumo. Ya kununua usinunue kwa "tripu", pima bodi la lori urefu kwa upana kwa kimo ujue limebeba ujazo gani. Nguzo weka kila mita 3, zitakuja kama 33. Kila nguzo ina nondo nne za mm 12 na ukihesabu iliyozama msingini kila moja ni kama mita 3, kwa hiyo nondo nzima ya mita 12 inamaliza nguzo moja, hesabu rahisi kabisa, nguzo 33 nondo 33. Fundi akikuletea orodha ya nondo 15 muulize zingine ziko wapi.

Namba mbili ni ukuta mzima wa tofali kwa mkupuo. Ni mzuri, una usiri, na kama uko njia panda au nyumba inabaki bila mtu ningeuweka wa kwanza, lakini ongeza linta juu (nondo mbili kuzunguka ni mita 192, nunua 18 maana zinapandana kwenye maungio) na lazima uache matundu ya maji upande wa juu wa mteremko, bomba la inchi 2 kila baada ya mita mbili tatu. Maji yanayoshuka mlimani huku hayana mchezo. Na kabla hujalipia tofali chukua msumari ukwaruze, ukitoa unga kama chumvi achana nazo, muulize na mfuko mmoja wa simenti anatoa tofali ngapi, akikwambia 40 na kuendelea kwa inchi 6 we ondoka tu.

Namba tatu fensi waya toka chini na nguzo za zege kila mita 2 na nusu, kama nguzo 40, pamoja na mikingamo, yaani nguzo za mshazari za kuegemeza, kwenye kona zote, bila mikingamo waya unalegea mwaka haujaisha. Kwenye waya angalia geji, namba ikiwa ndogo waya ndo mnene, watu wanachanganya hapo, geji 16 ni nyembamba kuliko 12. Rola nazo hazilingani urefu, kama ni ya mita 18 unahitaji 6, ikunjue uipime dukani. Ndani yake panda michongoma, miaka miwili mitatu ikipunguzwa vizuri hata kuku hapiti. Minyaa sipendi kama kuna watoto, ule utomvu ukiingia jichoni ni hatari sana. Na kwa wenzangu wa Kibosho, Machame na Marangu masale, ile mimea ya mpaka, msiyang'oe kupisha waya, bibi na babu waliyapanda yawe shahidi wa kihamba (shamba la ukoo), jenga ndani yake.

Slabu za zege za kupachika kati ya nguzo naziweka nne, zinasimama haraka na unaweza kuzihamisha, ila kwenye mteremko zinaacha mapengo chini. Mabati ya mwisho, ya kulinda saiti tu, upepo unayatingisha usiku kucha.

Wale wa udongo mweusi unaopasuka kiangazi, kwa fensi zote nilizotaja ongeza kina cha msingi hadi upate udongo mgumu, hata kama ni mita nzima, na hesabu ya mawe ipande hivyohivyo.

Geti lihesabu peke yake na nguzo zake ziwe nene kuliko zingine, geti la mita 4 ni zito, nguzo ya kawaida inainama halafu halifungi.

Jenga Januari na Februari au Julai hadi Septemba, masika lori la mchanga linakwama na mtaro unajaa maji. Fundi mlipe kwa hatua: msingi, nguzo, kozi, linta. Na siku ya msingi usimtume mtu, nenda mwenyewe, shuka mtaroni na tepu kila baada ya mita 5, hesabu ringi za nguzo zote, piga picha, ndo umruhusu amwage zege.