Zaburi za Luttrell: toleo la picha la kusomwa bila haraka

Zaburi za Luttrell ni kitabu cha sala cha Kilatini kilichoandikwa na kuchorwa kwa mkono nchini Uingereza kati ya miaka ya 1320 na 1340, kwa agizo la Sir Geoffrey Luttrell, mwenye mashamba wa Irnham, Lincolnshire. Chenyewe, chenye karatasi 309 za ngozi, kimo British Library jijini London. Nilichokaa nacho majuma mawili ni toleo la picha, lenye kila ukurasa kwa ukubwa wake halisi.

Utajiri wake umo pambizoni. Juu yamepangwa maneno ya Zaburi kwa hati nene nyeusi, na chini yake kazi za shamba zinaendelea: maksai wanne wanavuta plau, mpanzi anatawanya mbegu huku kunguru akijilia kwenye gunia, wanawake wanavuna kwa mundu na mmoja wao amesimama kujinyoosha mgongo. Ukurasa huo wa mavuno nimeurudia kuliko mwingine wowote, kwa sababu aliyeuchora alijua uchungu wa kuinama kutwa nzima. Hata hivyo mavazi ya wavunaji ni nadhifu mno, na naamini hivyo ndivyo mwenye mali alivyopenda mashamba yake yaonekane.

Mwenye mali naye yumo, juu ya farasi, amevaa mavazi ya vita, mkewe Agnes akimkabidhi kofia ya chuma na mkaza mwanawe Beatrice akisubiri na ngao. Juu ya picha imeandikwa kwamba Bwana Geoffrey Luttrell ndiye aliyeagiza kitabu kitengenezwe. Kurasa nyingine zimejaa viumbe nusu mtu nusu mnyama, ambao kwangu walichosha upesi.

Kilichonisikitisha ni dhahabu. Kwenye ngozi ilipakwa ili iwake kila ukurasa unapogeuzwa. Kwenye karatasi ya kiwandani imekuwa rangi ya haradali iliyotulia tu. Michoro mingine imetoka vizuri, hata mistari myembamba ya nyuso inaonekana.

Anayekinunua awe na Biblia karibu, maana Kilatini hakikufasiriwa chini ya picha, na akumbuke kwamba hesabu ya Zaburi humo kwa sehemu kubwa iko nyuma kwa moja: ile ya Bwana ndiye mchungaji wangu, tunayoijua kuwa ya 23, aitafute kwenye ya 22.