Ekstensheni, plagi za waifai au taima? Nunua hivi kabla hujajuta kama mimi

Nilinunua plagi za waifai tano kwa mkupuo. Tano! Nilishajiaminisha kwamba TV, redio na maikrowevu zikiwa stendibai, yaani hazitumiki ila bado zimechomekwa, zinaninyonya uniti usiku kucha, basi nikachomeka plagi kila mahali, nazima kwa simu nikiwa kitandani, najiona mjanja kweli. Wiki ya pili nikaazima mita ya kupimia wati, ile unaichomeka kwenye soketi halafu kifaa chako kinakaa juu yake. TV yangu ikiwa stendibai ikasoma wati 0.4. Nikaitoa, nikaweka plagi ya waifai peke yake, imezimwa, haina kitu chochote: wati 1.1. Nikasema mita inanidanganya, maana nyingi hazisomi vizuri vitu vidogo, nikazipanga zote tano kwenye ekstensheni moja nikapima kwa pamoja, ikaja 5.6. Jamani, mlinzi anakula kuliko mwizi!

Piga hesabu. Wati 1 ikikaa mwaka mzima, saa 8,760, ni uniti 8.76. Hizo tano zangu ni kama uniti 49 kwa mwaka, kwa kazi ya kulinda TV inayokula tatu na nusu.

Kwa hiyo mimi sasa nikinunua kitu cha kupunguza stendibai nauliza moja tu: chenyewe kikiwa kimezima kinakula ngapi? Rangi, sijui inaongea na spika, hayo muulize mwingine.

Namba moja bila mjadala ni ekstensheni yenye swichi ya kweli, isiyo na waifai. Mimi ni timu ya kampuni ya Brennenstuhl na sijifichi, hasa ile Eco-Line Comfort Switch, ina kiswichi chake pembeni kwenye waya, unakiweka sakafuni unakanyaga kwa mguu. Unaweza ukaona ni kitu kidogo, lakini ekstensheni zote hukaa nyuma ya kabati, na hakuna mtu anayeinama nyuma ya kabati kila usiku, tusidanganyane. Ukizima, imekata njia zote mbili za umeme na inakula sifuri.

Namba mbili ni mita yenyewe. Azima ukiweza, unaihitaji wiki moja tu. Kama namba zinachezacheza, iache siku tatu nne usome jumla ya uniti. Utashangaa nani mwizi. Vifaa vipya mara nyingi wana kesi ndogo, maana Umoja wa Ulaya tangu 2013 unataka vingi vya nyumbani visizidi nusu wati vikiwa stendibai, au 0.8 kama vinaonyesha saa (hadi 2025 ilikuwa 1). Chaja ya simu isiyo na simu ndiyo kabisa, wanaigombeza bure. Kagua king'amuzi, kipo kinachokula wati 10 hadi 15 hata taa nyekundu ikiwaka, kagua sabufa ya zamani, kagua mashine ya gemu iliyosetiwa kuwaka haraka.

Plagi za waifai ni namba tatu, na ni kwa hao wezi wakubwa tu. Kukata wati 12 kwa plagi inayokula 1 inaeleweka. Chagua inayopima matumizi, TP-Link Tapo P110 inapima, utaona kwenye simu kama inarudisha gharama yake.

Taima za kuzungusha na ekstensheni za bei ya chini: sawa kwa kitu chepesi, lakini swichi ikilegea au ikipata moto, tupa.

Ila usikate kila kitu. Ruta iache kama kuna kitu kinaitegemea. Printa ya wino ukiikata kwenye soketi kila siku, nyingine zinasafisha vichwa vyake vya wino kila zikiwaka na wino ndio unaisha. TV ya OLED nayo ina usafi wake wa kioo inaoufanya ikiwa stendibai, isubiri imalize.

Sasa wauzaji. Nilirudi na zile plagi nikamuuliza muuzaji mbona boksi halijaandika zenyewe zinakula ngapi, akaniambia “dada, hiyo ni ndogo, haili umeme.” Kwenye boksi kuna jani la kijani kubwa na neno kuokoa limeandikwa mara nne, namba ya wati hakuna. Halafu pembeni yake anauza kile kiboksi kingine cha taa ya kijani, unachomeka ukutani eti bili inashuka nyumba nzima. Ndani kuna kapasita, kidude cha kutunza chaji kidogo, na vikorokoro vya kuwasha taa! Mita ya nyumbani inahesabu uniti unazotumia, kapasita haizipunguzi hata moja, na ile taa yenyewe inakula. Nilimwambia hivyo mbele ya wateja wawili. Plagi zangu hakuzipokea.