Skuli ya nakshi Mji Mkongwe: mkono wa Maalim bado upo

Ukitaka mlango wa nakshi, au pa kumpeleka kijana akajifunze kuchonga, skuli hii ndogo ya Mji Mkongwe inafaa, ila uende na macho. Maalim aliyeianzisha ameshatangulia mbele ya haki. Wanaofundisha sasa ni wanagenzi wake wa zamani, na utaratibu wake hawakuugusa.

Anayeanza hapewi ubao. Hupewa kinoo na bikari: anoe bobari, yaani patasi yenye ncha ya mviringo, mpaka ikate bila kuchana, achore waridi na mnyororo mpaka mkono utulie. Ndipo achonge, mfenesi kwanza, maana mvule ni mgumu na vumbi lake linawasha koo. Mstari wa ua hukatwa wima kwa bobari yenye mkunjo ule ule, kisha uwanda, yaani sehemu tupu inayozunguka ua, hushushwa kama milimita 6 hadi 8. Kazi nyingi huharibikia hapa. Waridi ni duara, nyuzi za mti zinakwenda upande mmoja, basi kila robo ya duara patasi lazima igeuziwe mwelekeo. Anayelazimisha hung'oa jani zima la ua. Msasa utauona kwa nadra, na ndivyo itakiwavyo: ukizidi, kingo zinalika na nakshi inabaki kama sabuni iliyokwishatumika.

Kwenye kuchonga, basi, hawana wa kuwasuta. Tatizo ni mbao. Oda zikibana, zinatumika zilizotoka juzi kwa mpasuaji, wakati ubao wa inchi 1 unataka takriban mwaka kivulini, umepangwa kwa vipande vya kuachanisha na ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Mlango wa mbao mbichi ukifika kaskazi husinyaa, na mwanya unatokea ubavuni mwa mfaa, ule mti wa kati unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana, pale pale pa kuonekana. Kwa hiyo zikague mbao kabla ya kutoa arubuni, na muandikiane kwamba ni hizo hizo.

Miimo yao, yaani nguzo za ubavuni mwa fremu, inaungana na kizingiti kwa ulimi na tundu, safi kabisa. Vyuma ndivyo vya kusemea: taka skrubu za shaba, kwani misumari ya chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari na kuchafua mti.

Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, mchoro upelekwe kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Skuli watakuchorea, ukiwaomba mapema.