Emirates na St James' Park: jina la mdhamini kwa uwanja mpya na kwa uwanja mkongwe
Arsenal walipohamia uwanja wao mpya jijini London mwaka 2006, haki ya kuupa uwanja jina ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa shirika la ndege la Emirates tangu 2004, katika mkataba wa takriban pauni milioni 100 uliojumuisha pia jezi, hivyo hapakuwa na jina la zamani la kufutwa. Huko Newcastle mambo yalikuwa mengine: mwaka 2011 St James' Park, nyumbani kwa Newcastle United tangu 1892, uligeuzwa Sports Direct Arena, jina la kampuni ya maduka ya vifaa vya michezo, na ukutani jina la zamani likaandikwa upya kwa rangi ya kupuliza. Kwangu mimi, huko kulikuwa kuwapokonya watu kumbukumbu zao. Mwaka 2012 Wonga, kampuni ya mikopo ya muda mfupi, ilinunua haki ya kuupa uwanja jina, ikalirudisha jina la awali.